Nilitaka Iwe Kadi

Gari jeupe lilitokea ubavuni kwangu, upande wa kushoto, likiwa limeshafika. Halikuja kwa mbali likikua kidogo kidogo kama magari mengine. Halikuwepo, kisha likawepo, na mimi nilikuwa nimeshakata usukani. Lori langu likalibana ukingoni, shehena ya saruji ikalala barabarani, na kompyuta ikaniandikia faini kwa maandishi mekundu. Nikasema kwa sauti, peke yangu sebuleni, "Kadi hii imechoka."

Nilisema hivyo kwa sababu lile jingine sikutaka kulisema. Baba yangu alipofuka. Alianza akiwa na umri kama huu nilio nao, taratibu, kuanzia pembeni, na alipokuja kukubali kwamba anapofuka alikuwa anauona ulimwengu kwa tundu la funguo. Kwa hiyo vitu vikianza kunitokea ghafla upande mmoja, mambo ni mawili tu: ama kadi ya picha iliyomo ndani ya kompyuta inachelewa kuchora magari, ama ni macho yangu. Nilitaka iwe kadi. Sijawahi kuombea kitu changu kiharibike kama nilivyoiombea kadi ile.

Najua mtu atauliza mwanamke wa makamo anafanya nini na kompyuta ya gemu hapa Tabora. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Anayetaka vyumba vitatu na sebule anakuja kwangu, namchorea, namgeuzia nyumba yake kwenye kioo cha kompyuta aione mbele na nyuma kabla hajamwaga hata ndoo moja ya mchanga. Kazi hiyo inataka kompyuta yenye nguvu, na zenye nguvu ni za gemu. Hii niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, na ndani yake nikalikuta gemu la malori. Nikaligusa siku moja kwa kupoteza muda, na tangu hapo jioni zangu zimekwisha. Unapakia mzigo mji mmoja, unaushusha mji mwingine, katika nchi za watu ambako magari yanakwenda kulia na anayetaka kukupita anakupitia kushoto. Hakuna anayekuita, hakuna anayetaka choo kihamishwe upande wa pili.

Mume wangu ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu kabla hajawa mume wangu, na utani huo aliurithi tangu enzi za misafara. "Wanyamwezi nyie," ananiambia, "mababu zenu walibeba pembe kichwani kutoka huku mpaka kwetu pwani. Leo mmepata kiti cha plastiki, bado mnabeba." Yeye ananunua asali vijijini na nyumbani anaonekana mwisho wa wiki. Siku aliyoniona nimegonga mara ya pili akacheka: "Mama lori, umesinzia?" Nikamjibu kwa ukali ambao hakuutegemea. Nilimwambia kama anaona rahisi aje aendeshe yeye. Akaenda kuchuja asali yake.

Sikumwambia. Mimi ni mwoga, tena mwoga mkali, hao ndio wabaya zaidi. Nikiogopa nagombana.

Nikaenda kwa muuza kompyuta, mtu mzima mwenye upara na duka karibu na stendi. Nikamweleza kwamba magari yanajitokeza ghafla kwenye gemu. Akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akasema hiyo inatokea: kadi ikiwa dhaifu inashindwa kuchora vitu vyote kwa wakati, basi mti au gari linakuja kuonekana ukiwa umeshalifikia. Jamani, nilikaribia kumkumbatia. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikanunua hata maua ya plastiki ambayo sikuyahitaji.

Alikuwa ameniambia pia kitu cha kufanya kabla ya kununua. Nishushe ubora wa picha mpaka chini kabisa, ili kadi ya zamani ipate nafuu, niangalie kama magari yataendelea kuchelewa. Nikashusha. Miti ikawa kama imekatwa kwa mkasi, barabara ikawa ya kijivu tupu, kompyuta yenyewe ikatulia hadi feni haisikiki. Nikaondoa gari kituoni. Sikufika mbali, basi la bluu likanitokea kushoto, lote, na madirisha yake. Nikaizima kompyuta bila kufuata utaratibu, kwa kuchomoa waya.

Nikarudi dukani kulalamika. Yule bwana hakuwa na neno baya. Akasema, "Dada, ninayo kadi moja kubwa, imetumika kidogo. Ichukue ukajaribu. Ukiona tatizo bado liko palepale, irudishe, hatutagombana."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilianza kutafuta sababu. Nikamwambia kadi kubwa inataka umeme mwingi, na kompyuta yangu haitamudu. Akasema atanibadilishia na kile kisanduku cha umeme. Nikamwambia kwetu umeme unakatika ovyo, itaungua. Akasema yeye yuko mtaa huohuo, umeme ni huohuo, na zake haziungui. Nikaleta habari ya joto, nikaleta habari ya vumbi. Kila nilipofunga mlango alifungua dirisha, na yeye alidhani ananisaidia. Hakujua ninachokwepa ni kule kujaribu kwenyewe. Nikiiweka kadi mpya, na gari likanitokea tena kushoto, nitakuwa sina pa kusingizia. Kadi ya zamani ilikuwa ndiyo tumaini langu lote.

"Nitafikiria," nikamwambia.

"Fikiria, dada. Nakuwekea."

Ikawa ndiyo kazi yangu, kufikiria. Asubuhi nafikiria kununua, mchana nafikiria kutonunua. Na kumbe kulikuwa na njia rahisi ya kujua, isiyohitaji fundi wala senti: kufumba jicho la kulia na kutazama kwa la kushoto. Wazo hilo lilinijia nikiwa naosha uso. Nikaukausha uso kwa taulo, macho yote mawili kwa pamoja, nikatoka bafuni haraka. Toka siku hiyo nikawa makini nisifumbe jicho moja hata kwa bahati mbaya. Nikitaka kujikuna kope, nayafumba yote. Nikilala, silali ubavu, maana mto unaweza kuziba la kulia.

Kisha ikaja baiskeli. Nilikuwa natoka kupeleka ramani kwa mteja, nikavuka barabara karibu na soko, na mtu wa baiskeli aliyepakia magunia ya mkaa akanikosa kwa unene wa kitenge. Alianguka yeye. "Mama, huoni?" akauliza, wala hakuuliza kwa matusi. Nikamporomoshea maneno pale, watu wakasimama. Nilimwambia wenye baiskeli wa mji huu wote ni wehu, wanatokea wasikotarajiwa. Yule mtu aliokota mkaa wake huku akinitazama. Baiskeli haina kadi ya picha.

Nikajiambia, lakini kila mtu Tabora analalamikia baiskeli. Ni kweli, analalamika kila mtu. Niliishika kweli hiyo kwa mikono miwili.

Jioni yake nikajikuta nimesimama mbele ya kompyuta, nafuta kioo kwa ncha ya kanga. Nilikuwa nimekifuta asubuhi, na jana yake pia. Hapo ndipo baba aliponijia, na sauti yake: "Kioo kichafu."

Kwetu Urambo tulilima tumbaku. Tumbaku ikishakauka inachambuliwa jani moja moja kwa rangi, na anayekosea rangi anaharibu msimu mzima. Baba alikuwa na sifa katika kuchambua. Majirani walimwita awaangalizie ya kwao. Mwaka ukaja akaanza kuchanganya madaraja. Akasema ghala lina giza, tuwashe kandili hata mchana. Tukawasha. Akasema kioo cha kandili kichafu. Kusafisha kioo ilikuwa kazi yangu: majivu laini, kitambaa, halafu unapulizia pumzi na kufuta tena. Nilikileta kiking'aa. Alikiinua usoni, akasema kichafu bado. Nilikisugua hadi siku moja kikapasuka mkononi mwangu, na baba, badala ya kunikemea, alifurahi. Alisema sasa tutapata taa nzuri. Mama akanunua kandili jipya. Baada ya hilo ikaja karabai, na baada ya karabai ikaja taa nyingine. Nyumba yetu ilikuwa na mwanga kuliko zote kijijini, na baba alikuwa anapapasa ukuta.

Nilisimama na ile kanga mkononi, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Hata kulia nilishindwa. Nikampigia yule muuza kompyuta nikamwambia asiiuze ile kadi, nitakuja kuichukua wiki hiyo. Nilitaka nimalize, nijue. Wiki ikapita sikwenda.

Aliyekuja ni mama. Akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano wao mjini, naye akafikia kwangu, na mfuko wa karanga na michembe ya viazi. Nikampokea, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba, mama yangu," akanishika uso kwa mikono miwili kama afanyavyo siku zote, lakini akaushikilia zaidi ya ilivyo kawaida yake. Nilidhani anaona nimekonda.

Jioni, baada ya kula, akataka kuona hilo gemu analosimuliwa na mkwewe. Nikavuta kiti, akakaa kushoto kwangu na sahani ya karanga mapajani. Hakupendezwa. "Hawa wanaogongwa humu," aliuliza, "nani anawazika?" Nikacheka. Ilikuwa raha kuwa naye, nikajisahau kabisa, nikawa naendesha na kupiga soga. Mara akasema, akitafuna:

"Mpishe huyo mwekundu."

Mwekundu gani? Niliangalia kioo kizima, sikuona mwekundu. Nikahama njia kwenda kushoto, na palepale lori jekundu, refu, lenye trela, likawa liko ubavuni kwangu. Tukagongana. Mlio wake sebuleni ulikuwa mkubwa.

"Si nimekwambia umpishe?"

"Sikumwona, mama. Ni kadi. Kadi ya picha imezeeka, inachelewa kumchora."

Mama akameza karanga alizokuwa nazo mdomoni. "Mimi nilimwona tangu kule nyuma," akasema, "tangu kwenye hicho kioo cha pembeni. Akaja, akaja, mpaka akafika."

Mama hajawahi kushika kompyuta maishani, na macho yake yenyewe ya kizee. Tulikuwa tunatazama kitu kimoja, na lori lilichorwa lote, mapema, kwa rangi nyekundu, akaliona yeye.

Nilitegemea anihoji. Hakunihoji. Akakusanya maganda ya karanga, akayarudisha kwenye sahani moja moja. Kisha akauliza hiyo kadi ninayoisema inapatikana wapi. Nikamwambia iko, nimewekewa, sijaamua tu.

"Basi kesho tukakate kadi," akasema.

Niliona amesema tu kizee, kama mtu anavyosema kukata tiketi. Kadi ya kompyuta haikatwi, inanunuliwa. Lakini nilifurahi kwamba kuna mtu ameniamulia, na dukani nitakwenda na mama yangu. Nikamwambia sawa.

Asubuhi akavaa vitenge vyake vya kanisani. Tukapanda bajaji, na kabla sijafungua mdomo mama akamwambia dereva, "Tupeleke hospitali, baba. Upande wa macho."

"Mama, kadi haiuzwi huko."

"Kadi ninazozijua mimi zinakatwa huko."

Mpaka leo sijui kama alichanganya au alinichezea. Nimemuuliza, anabetua midomo. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nilimwambia dereva asimame. Nikasema nina mteja ananisubiri, nikasema sijanywa chai, nikasema mama ana mkutano. Nilisema kwa ukali, kwa ule ukali wangu. Dereva akapunguza mwendo, akageuka kututazama. Mama akanishika kiganja, akakilaza juu ya goti lake, na mkono wake ulikuwa wa baridi na unyevu. Nikagundua kwamba anaogopa kunizidi. Nikakiacha kiganja pale. Dereva akaongeza mwendo.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, wa maneno machache. Alinisomesha ubao wa herufi, nikazisoma karibu zote, nikaanza kupumua. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana.

"Ziba jicho la kulia kwa kiganja," akasema.

Huo ndio mkono niliokuwa nauzuia siku zote hizo. Niliunyanyua kama nimefungiwa jiwe. Nikaziba.

"Tazama pua yangu, usihamishe macho. Nitanyoosha mkono pembeni na kuchezesha vidole. Ukiviona vidole, sema."

Nikaitazama pua yake. Niliikazia macho mpaka nikahesabu vinyweleo. Nikasubiri aanze. Mama alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba, nikamsikia akivuta pumzi kwa nguvu, nikashangaa ana nini. Nikaendelea kusubiri. Daktari akashusha mkono wake juu ya paja.

"Bado hujaanza?" nikamuuliza.

"Nimemaliza," akasema.

Ikafuata mashine ya kupima, na taa kali, na matone yaliyochoma. Akaniambia ni presha ya macho. La kushoto limeumia zaidi, la kulia limeanza. Lililopotea halitarudi. Lililobaki linaweza kulindwa kwa matone ya kila siku, kila siku ya maisha yangu, bila kuruka, na kwa kurudi pale kupimwa. Nikamuuliza kama nitapofuka. Hakuniambia hapana. Aliniambia nimewahi kuliko wengi, na kwamba ningechelewa mwaka mwingine tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Akaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, kadi ya kijani ya karatasi ngumu, na kunikabidhi.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Matone yalikuwa yamenitia ukungu, miti yote ya uani imekuwa mabaka. Nilikuwa naogopa vibaya, nakiri. Naogopa hata sasa ninapoandika, na kila asubuhi kabla sijafumbua macho naogopa kwanza. Mama aliichukua ile kadi mkononi mwangu akaipuliza kuondoa vumbi ambalo halikuwepo.

"Mimi ndiye niliyekuwa namnunulia taa," akasema.

Nikamsogelea kwenye benchi.

"Kila akilalamika, nanunua nyingine. Nilikuwa najua, mama yangu. Nilijua tangu kandili la kwanza. Niliogopa kusikia yakisemwa."

Simu yangu ikaita. Sikuweza kusoma jina, nikapokea hivyohivyo. Alikuwa yule bwana wa dukani, na adabu zake zilezile. Akauliza, ile kadi aendelee kuniwekea, au amuuzie mwingine aliyesimama hapo?

"Uza," nikamwambia. "Ya kwangu ni nzima."

Mama akauliza ni nani huyo aliyepiga.

"Muuza taa," nikasema.

Akainuka, akazunguka mbele yangu, akaja kusimama upande wangu wa kushoto, tukaenda kutafuta dirisha la dawa.